Barua ya Wazi kwa Kamati ya Udahili ya Chuo cha Muziki

Waheshimiwa Wajumbe (jina la chuo nimelisitiri, mwenyewe akisoma atajijua),

Hongereni kwa fomu. Mimi na mpwa wangu tumeijaza mpaka adhana ya alfajiri, na hatukuona mahali palipouliza kama kijana anajua kupiga chochote. Hiyo ndiyo adabu. Mtu haulizwi mambo yake ya ndani siku ya kwanza.

Mliloliuliza ni ufaulu wa Hisabati. Nilidhani ni kwa ajili ya kuhesabu mapigo, kumbe ni kwa ajili ya ada ya maombi, ambayo hairudishwi. Picha za pasipoti tumepiga mara ya pili, maana mpiga muziki aliyesimama mbele ya ukuta mweupe hafai. Anatakiwa ukuta wa buluu.

Kisha tukafika kwenye ala. Mmeorodhesha piano, violini, filimbi, tarumbeta, gitaa, na chini kabisa "nyinginezo". Mpwa wangu anapiga ganuni, ala ya nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Basi tukatia alama kwenye "nyinginezo", pamoja na zeze, marimba, zumari na dufu: wenye nyumba wote wamelazwa chumba kimoja cha uani.

Usaili nao unataka vipande vitatu, cha baroki, cha klasiki na cha romantiki, pamoja na skeli kubwa na ndogo. Hapo naomba mwongozo. Katika maqamu ya Rasti, sauti ya tatu hukaa kati ya kibonye cheusi cha piano na jirani yake mweupe, mahali ambapo piano haina kitu. Ganuni ina vijikono vya kuifuata sauti hiyo hadi huko iliko. Kijana akiipiga sawasawa, msaili wenu ataandika kwamba amepotoka. Akiipiga kwa kumridhisha msaili, wazee wa klabu yetu ya taarabu watamnyang'anya ganuni ingali mapajani. Afeli wapi, kwenu au kwetu?

Mmeomba pia barua ya mwalimu mwenye shahada. Mwalimu wake ni mzee aliyejifunza kwa kukaa nyuma ya waliomtangulia na kunyamaza. Tumemwomba akasome shahada upesi, kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Lakini sharti lililonifurahisha kuliko yote ni cheti cha nadharia, daraja la 5, kutoka ile bodi ya mitihani ya London iliyoanza mwaka 1889. Maana yake aje kwenu akiwa tayari anasoma noti. Waheshimiwa, noti ndizo zilizomleta! Anataka kuziandika nyimbo ambazo wazee wetu wanazikwa nazo. Angekuwa anazijua tayari, angefuata nini huko, madawati?

Nakiri kwamba uzembe wa nyaraka hapa Unguja ni wa siku nyingi. Husimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, na hakuna anayesimulia habari ya stakabadhi. Wanamuziki wa klabu ya Ikhwani Safaa walikusanyika mwaka 1905 bila msajili. Siti binti Saad wa Fumba, ambaye hakwenda skuli, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri. Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na sijui kama kuna aliyemwuliza Hisabati. Nashauri mkutane kwa dharura muwabatilishe wote. Siti hatakata rufaa, alifariki 1950.

Mwisho, naomba jibu kabla ya Ramadhani. Iddi ikimalizika harusi zitafuatana, na kikundi chetu hakina mpiga ganuni mwingine. Mimi mpiga fidla lazima nijue mapema kama kijana atakuwa jukwaani kwetu, au kwenu akifundishwa kwamba bado hajaanza muziki.

Wenu katika ujenzi wa taifa, na katika foleni ya wakili wa kuthibitisha vyeti,

Mjomba wa mwombaji,
Unguja