Garanti Iliyoliwa Mara Mbili

Wazee wetu walioajiriwa katika njia ya reli, ile iliyotoka Élisabethville ikafika Bukama mwaka 1918, kisha ikavuka mto Lualaba na kupita kwetu hata ikawasili Port-Francqui mwaka 1928, hawakuwa na haja ya kumjua kiumbe aitwaye mwenye nyumba, maana kampuni iliyowapa kazi ndiyo iliyowapa na maskani, safu kwa safu katika kambi, kila nyumba ikiwa sawa na jirani yake; na bati likipasuka hawakugombana na mtu, bali walipeleka habari kwa karani, karani akaandika katika daftari, na fundi akaja au asije kwa kadiri ya majaliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni ya madini ya Union Minière pia, ambayo katika miaka ya 1920 iling'amua kwamba mfanyakazi mwenye mke, watoto na mlango wake hatoroki upesi. Alhasili tulikulia katika nyumba zisizo na mdai, na sanaa ya kupangisha, ambayo watu wa pwani waliirithi kwa baba zao, sisi wa Kabondo-Dianda tumeanza kujifunza ukubwani, kwa gharama zetu wenyewe.

Mimi nilifundisha hesabu maisha yangu yote, na kwa kuwa hesabu haijapata kumtajirisha anayeifundisha, nilipokaribia kustaafu nilijenga upande wa nyuma wa lupango wangu, yaani kiwanja cha nyumba yangu, vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja na sebule yake ndogo, ili uzee ukinifika unikute na riziki ya kila mwezi. Kwenye karatasi mpango ule haukuwa na ila hata moja. Vyumba vinne mara miezi kumi na miwili, toa matengenezo, toa dharura, na baki ilitosha sukari, dawa na ada za wajukuu. Lakini hesabu haina safu ya kuandikia ujirani. Mpangaji wa kwetu hakai ng'ambo ya mji akapeleka kodi yake katika bahasha. Hukaa hatua chache kutoka mlangoni pa mwenye nyumba, wakatumia uwanja mmoja, kisima kimoja na msala mmoja, watoto wao wakachanganyika hata wakati wa bukari, yaani ugali, asijulikane nani ni wa nani, na msimu mmoja wa mvua ukipita mtu yule si mpangaji tena bali ni mwana wa nyumba. Na mwana wa nyumba, kwa mila zetu sisi Waluba na kwa mila za watu wote ninaowajua, hadaiwi kodi mbele ya majirani.

Mdai pekee asiyechelewa katika lupango wangu ni mchwa. Matofali yetu, kama ajuavyo kila aliyejenga Katanga, hufyatuliwa kwa udongo wa vichuguu, vile vikubwa vinavyoishinda nyumba kwa kimo, kwa sababu udongo uliokwisha kukandwa na mchwa hushikamana vyema na kuiva vizuri tanurini. Nami nilibomoa kichuguu kizima kilichokuwa pembeni, nikafyatua, nikachoma, nikajenga, nikajipongeza. Mchwa hakusema neno. Alingoja hata milango ikatiwa na kupakwa rangi, kisha akarudi kwa njia ya chini, akapanda ndani ya ukuta uliotokana na nyumba yake ya asili, akaanza kuila miimo kutoka ndani, huku akiiacha rangi ya nje salama salimini, kwa adabu kubwa, hata siku ile mpangaji wa chumba cha tatu alipoubamiza mlango baada ya maneno na mkewe, mwimo ukamfuata pamoja na kitasa. Alinijia ameushika kifuani. "Baba," akasema kwa huzuni, "mlango wako umekufa." Mlango ule ulipokuwa mzima ulikuwa wake, akiufunga na kuufungua apendavyo, na hata mimi nilibisha hodi, ulipokufa ukawa wangu, na mazishi yakawa juu yangu. Kanuni hiyo sikuifundisha darasani, lakini sijaona bado ikikosea.

Chumba cha pili kinakaliwa na kijana anayelipa kwa wakati, na kwa hiyo sina la kusimulia juu yake.

Yafaa sasa niseme habari za garanti, maana humo ndimo ulimo utamu wote na uchungu wote wa kazi hii. Mpangaji aingiapo huweka amana ya miezi kadhaa, ambayo sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji imeiwekea mpaka wa miezi mitatu kwa nyumba za kukaa. Na amana, kwa hukumu ya dini na ya dunia, ni mali ya mtu unayomhifadhia hata atakapoitaka. Hayo ndiyo ya vitabuni. Hapa kwetu sijamwona bado mwenye nyumba aliyeifunga garanti katika kitambaa akailalia, kwa sababu garanti ya chumba cha kwanza ndiyo inayoezeka chumba kinachofuata, nayo hulipa saruji, misumari, na dalali, ambaye huku tunamwita komisionere, naye hudai fungu lake kabla wino haujakauka. Fundi cherehani aliyeingia katika chumba cha kwanza alinihesabia fedha asubuhi, na kabla ya adhuhuri fedha ile ilikuwa imekwisha kuwa manjanja, yaani mabati, yanang'aa uwanjani, yakingoja kupandishwa juu ya chumba cha nne. Yeye mwenyewe, Mungu ambariki, alisaidia kuyashusha kutoka kwenye mkokoteni.

Wapangaji nao wana elimu yao, na sura yake ya kwanza ni kwamba mtu anayekusudia kuhama, au anayekusudia kuja kukusudia, huacha kulipa na kusema kwamba anakula garanti yake. Fundi alinijulisha hivyo mwisho wa mwezi, kwa taadhima, kofia mkononi.

"Mwanangu," nikamwambia, "garanti yako nilikwisha kuila mimi."

"Iko wapi, Baba?"

Nikamwonyesha paa la chumba cha nne. Alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa cha suti, kisha akasema kwa upole uleule: "Kumbe manjanja yale ni yangu. Basi, Baba, wanaolala chini yake watanilipa mimi."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa mafundi. Haukuwa mzaha.

Chini ya paa lile alikaa mama mmoja mfanyabiashara, mwanamke wa heshima na wa sauti, ambaye hununua samaki wakavu huko Bukama, wale watokao Lualaba na maziwa ya bonde la Upemba, akawafunga katika vitunga na kuwapakia katika gari la moshi kwenda Kamina au Lubumbashi. Na kwa kuwa gari la moshi la kwetu huja siku lijapo, vitunga vilingoja chumbani, na chumba kikijaa vilingoja barazani, na baraza ikijaa harufu yake ilikuja kungojea kwangu. Mimi sina uadui na samaki. Lakini paka wa mtaa mzima walihamia lupango wangu pasi na garanti wala komisionere, wakafanya baraza zao usiku juu ya ukuta, kila mmoja akitoa hoja yake. Nilipomwendea mama yule kumweleza taabu hii, nikiwa nimetayarisha maneno ya kiungwana yenye utangulizi, kiini na tamati, alinisikiliza mpaka mwisho wa utangulizi, akaingia ndani, akatoka na samaki wanne wakubwa. "Hawa ni wa Mama," akasema, yaani mke wangu. Na mke wangu, aliyekuwa karibu kwa sababu zake, aliwapokea kabla sijaingia katika kiini. Tangu siku hiyo kila lalamiko langu lilikuwa na samaki wake, na jambo hili lilipojulikana nyumbani, mke wangu akawa ndiye anayeninong'oneza jioni, mboga ikipungua, kwamba harufu leo imezidi na si vibaya nikalalamike.

Fundi naye akamwendea mama huyohuyo kudai kodi ya manjanja. Sijui alitumia hoja gani, ila najua kwamba mama hakubisha, maana mfanyabiashara wa kweli hujua kwamba amani ni rahisi kuliko haki. Akampimia samaki wawili kila mwisho wa mwezi, kwa heshima ya bati. Ikawa mimi niliyejenga sipati kodi ya chumba cha kwanza, kwa kuwa kinaliwa garanti, na fundi anapata ijara ya chumba cha nne, kwa kuwa kimeezekwa garanti. Hili nililiandika ubaoni kichwani mwangu mara nyingi, na kila mara jibu lilinikalia upande mmoja.

Mvua kubwa za Novemba zilipofika, usiku nikabishiwa hodi na sauti ya mama ikitangaza kwamba mvua inanyesha ndani kuliko nje. Asubuhi nikamwita fundi. "Mwanangu, manjanja yako yanavuja. Mwenye mali na apande." Fundi, ambaye muda wote ule alikuwa akila samaki kwa ajili ya manjanja hayo, aliyatazama kwa macho ya mgeni aliyeshuka jana kituoni. "Bati likikwisha kupigwa misumari, Baba," akasema, "ni la nyumba. Na nyumba ni yako."

Basi nikapanda mimi, pamoja na umri wangu, kwa ngazi ya miti iliyofungwa kwa kamba za magome, nikiwa na kopo la lami na vipande vya kandambili kuukuu, ambavyo ukivikata duara na kuvitia chini ya kichwa cha msumari huzuia maji vizuri. Shida ya kuziba bati ni kwamba aliye ndani, gizani, huliona tundu waziwazi lakini halifikii kwa lami, na aliye juu mwenye lami haoni kitu. Kwa hiyo desturi ni mtu mmoja kusimama juu ya kiti chumbani, akachomeka unyasi wa ufagio katika tundu, ili wa juu auone ukichungulia. Mama akachomeka, nikaziba. Ilikuwa kazi ya utaratibu na ya kupendeza. Lakini watoto wa lupango, wangu na wao, walipouona mchezo ule waliufumua ufagio wakagawana, wakapanda juu ya vitunga vya samaki, na mimi nikiwa bado nimeinamia tundu la pili nikasikia mchakacho nyuma yangu, nikageuka, nikakuta paa lote limeota ndevu. Yalikuwako matundu niliyoyajua, na matundu niliyokuwa sijayajua, na mengine ambayo nina shaka kama yalikuwako kabla ya asubuhi ile. Kutoka chini watu wote walinielekeza kwa wakati mmoja, huku kushoto, huku kulia, "hapana Baba, palepale ulipokanyaga". Na lami ilipokwisha nyasi zilikuwa zingali zikitikisika. Fundi, aliyekuwa akinishikia ngazi kwa mkono mmoja na kula embe kwa mkono wa pili, aliniuliza kwa utaratibu kama lami ile pia niliinunua kwa garanti ya mtu.

Hapo nikapeleka shauri kwa shefu wa mtaa, mzee mwenye subira na kiti kirefu, aliyetukalisha chini ya mwembe wake, mimi, fundi, na mama aliyekuja na zawadi yake ndogo iliyofungwa katika gazeti. Shefu alianza mbali, kama ipasavyo. Aliuliza ardhi ya lupango ni ya nani, nikasema ni yangu, akatikisa kichwa. Maana, alisema, tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ya nchi hii ni milki ya Dola peke yake, haiuziki wala haihamishiki, na raia hupewa ruhusa tu ya kuitumia. Nikakubali. Akauliza manjanja yalinunuliwa kwa fedha ya nani, nikasema ya fundi. Akauliza vitu vilivyomo chumbani ni vya nani, mama akasema ni vyake, na paka, aliongeza, hawana mwenyewe. Shefu akafikiri, akaufungua ule mfuko wa gazeti kidogo, akaufunga.

"Sasa, Mwalimu," akaniuliza, "wewe katika lupango ule chako hasa ni kipi?"

Kabla sijajibu, fundi akanijibia, kwa nia njema kabisa, kwamba msala ni wa Baba. Na ilikuwa kweli, kwa kuwa umejaa tangu mwanzo wa mvua, na kila aliyeniona njiani alikuwa akinikumbusha kwamba msala wangu unahitaji shimo jipya. Shefu akaliandika hilo. Hukumu ikawa kwamba nichimbe kabla ya Krismasi, na kwamba habari za garanti tuziongee nyumbani, kifamilia.

Tukaziongea. Fundi aliniambia kwamba amekusudia kuhamia Kamina, ambako tangu Haut-Lomami ifanywe mkoa mwaka 2015 maofisi yameongezeka na wake wa maofisa pia, na mishono kwa ajili hiyo. Na kwamba, kwa kuwa nimekuwa baba kwake, hataki kuniachia chumba kitupu. Nilifarijika. Aliondoka alfajiri moja na cherehani yake kichwani, akaniaga kwa mikono miwili, na jioni ya siku ileile akawasili ndugu yake, kijana mrefu mwenye godoro na karatasi. Karatasi ile ilikuwa hati, imeandikwa vizuri, ina tarehe na saini za mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mama wa samaki, nayo ilieleza kwamba kijana huyu amekwisha kulipa garanti ya miezi mitatu ya chumba cha kwanza kwa kaka yake, kwa ukamilifu, pamoja na haki zote zinazofuatana nayo.

Niliisoma mara mbili. Kijana alisubiri kwa adabu, godoro begani, na nilipoinua macho akasogea karibu kidogo, akashusha sauti ili wengine wasisikie.

"Samahani, Baba," akasema. "Kaka amesahau kunieleza. Wale samaki huletwa tarehe ngapi?"