Dawa Imeshika Saa Ngapi?

Jumatatu
Baba amemeza kidonge chake cha Parkinson, levodopa, saa 12:10 asubuhi, kwa maji matupu, kabla ya chai. Saa 12:50 amefunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote hadi shingoni. Nimeandika: imeshika. Saa 4 kasoro robo mkono wa kulia umeanza kutetemeka, miguu ikagoma kuvuka kizingiti cha jikoni. Nimeandika: imekata.

Karatasi nimeipiga mistari ya nusu saa nusu saa, na kila chumba kinaingia neno moja: amelala, imekata, imeshika, imezidi. "Imezidi" ni pale dawa inapokuwa juu mno, mwili ukajipinda na kuchezacheza bila yeye kutaka. Utaratibu wa aina hii ulichapishwa mwaka 2000 na daktari wa Marekani, Robert Hauser, pamoja na wenzake, na bado unatumika katika majaribio ya dawa za Parkinson.

Jioni mbuzi wa jirani amepanda barazani akala karatasi kuanzia saa 7 mchana kwenda chini. Asubuhi imesalimika.

Jumanne
Karatasi mpya. Imetundikwa juu ya kabati.

Leo ni zamu ya mchoro. Baba anaanza katikati ya ukurasa, anazungusha kalamu kwenda nje kama gamba la konokono, kiganja hakigusi meza. Mmoja kabla ya kidonge, mwingine saa moja baadaye, kalamu ileile. Mchoro wa kwanza una meno kama msumeno kila upande na mizunguko yake imebanana. Wa pili umepanuka, mstari umenyooka karibu wote. Chini ya kila mchoro anaandika sentensi moja. Kabla ya dawa herufi zinaanza kubwa na kusinyaa hadi mwisho wa mstari hazisomeki. Huyu alikuwa mwalimu. Hati yake ya ubaoni ilisomeka kutoka dawati la nyuma. Ninautaka mkono ule urudi, hata kwa saa tatu kwa siku.

Mjukuu amepaka mchoro wa pili rangi ya kijani na kuongeza macho. Mstari wa Baba bado unaonekana.

Jumatano
Mvua. Alama mbili kwenye kipande cha boksi, zimeachana kama sentimita 30. Baba anagonga moja, kisha nyingine, kwa kidole kimoja, dakika nzima. Kabla ya kidonge: mara 64. Baada ya saa moja: mara 121. Boksi lililoachwa dirishani limelowa na alama zimefutika. Hesabu ilikuwa imeshaandikwa.

Alhamisi
Shangazi amefika saa 5 na nusu na sufuria la maharage na nyama. Haikuwezekana mgeni asubiri, na Baba hakutaka kumwudhi, akala kwanza akameza kidonge juu ya chakula. Saa 7: imekata. Saa 7 na nusu: imekata. Saa 8: imekata. Saa 8 na nusu ameinuka kitini.

Levodopa hunyonywa kwenye utumbo mwembamba kupitia njia ileile inayopitisha protini iliyomeng'enywa. Vikikutana, dawa hungoja. Na tumbo la mgonjwa wa Parkinson mara nyingi husukuma chakula polepole, kwa hiyo kungoja huko hurefuka. Kidonge kinatakiwa kutangulia chakula kwa nusu saa hivi. Shangazi ameelezwa. Ameahidi wiki ijayo kuleta ndizi.

Ijumaa
Mtikisiko wa Parkinson, mkono ukiwa umetulia, huenda mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na kipima mwendo kilichomo ndani ya simu kinaweza kuuhesabu. Mwaka 2015 shirika la Sage Bionetworks la Marekani lilitoa programu ya mPower: watu waligonga kioo, wakatembea na simu mfukoni, wakavuta sauti ya "aaa". Ziko pia saa za mkononi zinazorekodi mwendo siku nzima na kumkumbusha mgonjwa kumeza.

Baba amekwenda sokoni kwa bajaji, simu mfukoni. Programu ya kupima mwendo kwenye simu yake imeonyesha mtikisiko mkali dakika zote za njia ya vumbi. Mkono wake ulikuwa umetulia pajani. Nimeandika pembeni: bajaji.

Jumamosi
Sauti. Baba amevuta "aaa" mbele ya simu. Mbwa amejibu. Tumerudia chumbani.

Jumapili
Mgeni ameleta unga wa mbegu za upupu. Mbegu hizo zina levodopa kweli, lakini kiasi chake hakilingani mbegu kwa mbegu, na ukiuongeza juu ya kidonge hutajua tena kipi kimefanya nini. Tumemshukuru. Unga uko kabatini, utaonyeshwa kwa daktari.

Jumatatu
Kliniki. Tumeitwa saa moja na nusu baada ya kidonge. Baba ameingia akitembea vizuri, amekaa, amesimama, amegeuka. Kwa mtu aliyemwona kwa dakika zile tu, huyu hana shida. Daktari amechukua karatasi, amepitisha kidole kwenye safu ya saa 4, kila siku: imekata. Ameuliza chakula cha Alhamisi. Kiasi cha dawa kwa siku hakuongeza; amekigawa katika dozi ndogo zilizokaribiana zaidi.

Hapa kwetu wilaya ya Hai, Tanzania, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008 ulipita katika watu zaidi ya 161,000 na kukuta 33 wenye Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Dawa yenyewe ni ya kutafuta. Ikishapatikana, kuimeza saa isiyofaa ni hasara kubwa.

Wewe uliye na mgonjwa nyumbani: usiongeze dozi wala usiikate mwenyewe, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, hata kuua. Andika saa aliyomeza, saa aliyokula, saa iliposhika na saa ilipokata. Mpe daktari karatasi hiyo kabla hajauliza chochote.