Mamba Aliyeitwa Mmalizaji

Hapo kale, katika matete ya mdomo wa mto Ruzizi, pale maji yatokayo ziwa Kivu yanapoingia Tanganyika, Bata na Fisi-maji waligombea kichaka kimoja, hawa wakitaka pa kutagia na yule akitaka pa kuvulia. Kesi ilikuwa mbele ya Mzee Kobe, naye aliisikiliza taratibu, leo shahidi huyu, kesho yule, hata Bata wakachoka kungoja. Ndipo Mamba alipotoa kichwa majini, akasema kwa upole, "Niachieni mimi, nitaimaliza kabla ya jua kuchwa." Jua likachwa, na Fisi-maji hakuonekana tena, wala mkewe, wala watoto wake. Bata wakapiga mbawa kwa furaha, wakampa Mamba jina la sifa, wakamwita Mmalizaji.

Jina hilo likavuma kutoka Kavimvira hadi Kalundu, likavuka maji hadi rasi ya Ubwari. Kila mwenye shauri na jirani yake akalikimbilia, maana hakuna aliyependa kungoja zamu kwa Kobe. Vyura wakamshitaki Nyoka, shauri likaisha. Minandi wakamshitaki Mdiria kwa ajili ya ndagala, shauri likaisha, na ndagala nao wakaisha. Kila alipotoweka mmoja, waliosalia walisema marehemu alikuwa na makosa yake, na mwenye mwenendo mwema hana la kuogopa. Hata asubuhi moja Bata wakakuta viota vitupu. Wakakaa, wakashauriana, wakaafikiana kwamba mlinzi mkubwa hana budi kula sana, na mayai hutagwa tena.

Korongo, aliyewazidi wote umri, akawaambia: "Wajukuu zangu, binadamu wa ufuko huu walilijua jina la namna hii kabla yenu. Alikuwako Muhammad bin Khalfan, mzaliwa wa Lindi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyekaa Ujiji na mkono wake ukafika hadi huku Uvira. Walimwita Rumaliza, na ndani ya jina hilo kumaliza kunasikika wazi. Mwaka 1894 majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yakamshinda, yakisema yamekuja kukomesha utumwa. Vijiji vilivyodhani vimepumua vikatwishwa kazi za shuruti, na mgongo wa aliyekataa ukakutana na mjeledi uliokatwa katika ngozi ya ndugu yetu huyu." Kiboko akainamisha kichwa, maana mjeledi ule uliitwa kwa jina lake, naye hakuwahi kumpiga mtu nao.

Hazikupita siku nyingi akashuka Mamba wa pili kutoka maporomoko ya juu, akamfukuza yule wa kwanza, akapanda mchangani na kutangaza kwamba yeye ni Mkombozi. Minandi wakaanza kumtungia wimbo. Bata, ambao sasa hawakuwa na kifaranga hata mmoja, wakasimama na kuwanyamazisha, wakakiri mbele ya baraza: "Sisi ndio tuliompa yule jina, kwa kuwa jino lake lilianzia kwa jirani. Mtesi haitwi mtesi siku ya kwanza. Huanza kwa kusifiwa na yule ambaye jino halijamfikia." Kisha wakamgeukia mgeni: "Hatumwulizi tena aliyeneemeka, tunamwuliza aliyeumia. Huko ulikotoka, tuletee mmoja tu aliyekupinga, aje atuambie yeye anakuitaje."

Mgeni akajibu kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa sababu waliompinga hawapo.

"Basi shahidi wako amekwisha kusema," akasema Mzee Kobe; na siku ile hakuna aliyempa mgeni wimbo, wala njia, wala kichaka.