Kamba Isiyoleta Samaki

Mimi nalilaumu daraja. Zamani wazimu wowote wa Mwanza ukitaka kufika Sengerema ulipanga foleni ya kivuko pale Kigongo, pamoja na mabasi, malori ya saruji na kuku wa watu. Hadi zamu yake ifike, nusu yake imeshapoa. Sasa tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, unavuka hata soda hujaimaliza. Wakubwa walituambia litaleta biashara. Kwangu mimi limeleta jimu ya kamba na minyororo.

Jimu yenyewe ni banda la mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyenipeleka ni mama watoto, baada ya daktari kukitazama kipimo cha presha, akanitazama mimi, kisha akakitazama tena kipimo. Nilijitetea. Nilimkumbusha kwamba mwaka 2016 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza wananchi tufanye mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Jumamosi moja! Ikiwa Serikali imeridhika na moja, yeye ni nani wa kudai zaidi? Akanijibu kwamba Serikali hailali na mimi ikasikia ninavyokoroma.

Kocha ni kijana mwenye adabu, na hiyo ndiyo hatari yake. “Shikamoo mzee wangu. Leo tunapiga kamba.” Anasema hivyo huku anatabasamu. Kamba ina unene wa milimita 38 na urefu wa mita 15, anadai ilikuwa ya kufungia meli, imestaafu. Imezungushwa kwenye nguzo ya banda, ncha zote mbili unazishika wewe, unachutama kidogo, kisha unapandisha mkono huu na kushusha ule, upesi upesi, ili kamba ifanye mawimbi yaende hadi kwenye nguzo.

Mawimbi, jamani. Nimezaliwa kando ya ziwa. Utoto wangu wote nimefundishwa kuyaogopa: ziwa likichafuka, mtumbwi unavutwa nchi kavu na watu wanakaa nyumbani. Leo natoa hela yangu niyatengeneze mwenyewe, ndani ya banda, kwa mkono. La kwanza lilitoka kwangu vizuri, likafika katikati, likafa. “Lifike mzee wangu, lifike!” Lifike likaifanye nini nguzo?

Maana hapo ndipo panaponiuma. Kamba hii haina kitu upande wa pili. Kwetu kamba hushikwa kwa sababu kuna ndama, kuna ndoo kisimani, kuna kitu kinachokuja. Tulipokuwa watoto tulikaa ufukweni kuwatazama wavuta kokoro. Wanaume mistari miwili, kamba imepita kiunoni, wanarudi kinyumenyume, visigino vinachimba mchanga. Wa nyuma kabisa akifika juu anaiachia, anakimbilia mbele hadi maji yamfike magotini, anashika upya. Pembeni kuna mmoja kazi yake ni kuikunja tu, haongei na mtu. Wanaimba, wanatukanana, wanaimba tena. Sisi tunasogea na beseni. Wavu ukitokeza unasikia kwanza kelele ya ndege, ndipo unaona sato na furu wanarukaruka, na siku ya bahati sangara mmoja mkubwa ambaye kila mtu anadai ni yeye aliyemvuta.

Kokoro limepigwa marufuku, na kwa haki kabisa, kwa sababu linakomba hadi vifaranga vya samaki na kuharibu mazalia. Sina ubishi. Lakini ile kamba ya haramu ilileta kitoweo. Hii ya halali inaleta vichomi.

Nilitaka kujua ni nani aliyetuletea balaa hili. Kocha akataja Mmarekani mmoja, John Brookfield, wa North Carolina, kwamba ndiye aliyelisambaza duniani. Simjui, sina ugomvi naye. Ila angebuni kuvuta tu, ningemwelewa. Kuvuta kamba ni mchezo wa heshima. Watumishi wa umma wanaucheza kwenye michezo yao ya SHIMIWI, wizara kwa wizara, na hapo hata kitambi kina kazi: mwenye nacho anawekwa nyuma kabisa kama nanga. Ulikuwemo kwenye Olimpiki kuanzia 1900 hadi 1920. Mwaka 1908 kule London, polisi wa Uingereza walizoa medali zote tatu: wa City of London dhahabu, wa Liverpool fedha, wa Metropolitan shaba. Wamarekani walivutwa na hao wa Liverpool, wakaja juu wakilalamikia viatu vizito vya askari. Unaona raha ya kuwa na mtu upande wa pili? Hata ukishindwa una cha kulalamikia. Mimi nimlalamikie nani? Nguzo haina viatu.

Minyororo ni kesi nyingine, na huko angalau kuna akili. Aliyeipa umaarufu ni Louie Simmons wa Ohio, mwalimu wa wanyanyua vyuma. Unaning'iniza mnyororo kila upande wa lile chuma refu, chuma liko mabegani, unachuchumaa. Ukiwa chini, pete nyingi za mnyororo zimelala sakafuni, mzigo mwepesi. Ukianza kusimama, zinanyanyuka pete kwa pete, na uzito unazidi. Yaani pale miguu inapopata nguvu ndipo unapoongezewa. Kocha anasema hiyo ndiyo faida yake. Inaonekana ndivyo pia wanavyopanga ada za shule.

Ila mnyororo mmoja ulinitia shaka. Kocha aliuita kifaa maalumu. Mimi nikaona ndani ya pete zake kuna udongo mweusi wa mbugani, umekauka, na mwishoni kuna ndoano iliyopindishwa kwa nyundo. Huo ni mnyororo wa plau. Nimeushika tangu shule ya msingi, nikitembea mbele ya maksai. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa sina pumzi ya kusema.

Mvua za kupandia zikaanza. Asubuhi moja nimechuchumaa na chuma langu, akaingia mzee na baiskeli yake hadi ndani.

“Shikamoo mjomba,” kocha akasema, sauti imebadilika.

“Marahaba. Mnyororo wangu.”

Hakusubiri nisimame. Aliufungua huku mimi nimeinama upande upande, akaukung'uta, akautia kwenye kiroba cha mbolea, akakifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Alipomaliza akanitazama jasho linavyonidondoka.

“Na huyu mzee mwenzangu,” akamwuliza mpwa wake, “yeye alikuwa analima nini?”

Kocha ametangaza kwamba mazoezi ya minyororo yamesimama hadi watu wamalize kulima. Nikamwambia basi na ada ishuke. Akasema ada haishuki, mzee wangu, ila kama fidia ataniongezea dakika za kamba.