Ukitaka Mbwa, Usinunue Cheti

Kabla hujatoa hata shilingi mfukoni, keti ujibu swali moja: unataka mbwa, au unataka majirani wajue kwamba umenunua mbwa? Kama ni hilo la pili, nunua geti jipya. Geti halili, haliingii kupe, na ukisafiri halitalia usiku kucha. Nalisema hili kwa moyo mweupe, maana nimeona mbwa wengi wakizeekea kwenye mnyororo wa mita mbili kwa watu ambao haja yao ilikuwa geti tu.

Wewe uliyebaki, twende.

Safari yako itaanzia barabarani, kwenye foleni, kwa yule kijana aliyepakata watoto wawili wa mbwa na wengine kawaacha ndani ya boksi. Atakuapia kwamba ni Jamani Shepadi, mbegu safi. Usibishane naye habari za masikio. Akiwa na wiki sita, mtoto wa Jamani Shepadi masikio yake yamelala, na wa mbwa koko yamelala vilevile. Mshike mwenyewe. Tazama macho kama yana tongotongo. Mgeuze: tumbo likiwa limejaa kama puto na mbavu zinahesabika, hiyo ni minyoo. Inua mkia, na ukikuta pamelowa, mrudishe boksini. Kisha uliza mama yake yuko wapi. Mwenye mbwa wake atakwambia panda gari twende ukamwone. Mwingine atakwambia mama kabaki Arusha.

Mimi niliambiwa Arusha, na nikanunua. Alikuwa mweusi, miguu ya kahawia, na kadi ya chanjo yenye stika nzuri. Tukamwita Simba. Siku ya tatu akaacha kula. Siku ya nne akaanza kuharisha damu, yenye harufu ambayo ukishaivuta mara moja huisahau. Daktari wa mifugo alimtundikia dripu kwenye mguu mwembamba kuliko kidole changu, akasema ni pavo. Akaitazama ile kadi, akaniambia stika ni ya dawa ya minyoo. Simba alikufa alfajiri ya siku ya sita, kichwa chake kikiwa juu ya kanga ya mke wangu. Ndiyo maana nakusihi: chanjo ya pavo huanza mtoto akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka apite miezi minne. Kadi isome. Ukishindwa kuisoma, ipige picha umpelekee daktari kabla hujalipa.

Sasa tuje kwenye hiyo mbegu safi. Jamani Shepadi alianza mwaka 1899, pale ofisa wa jeshi wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alipomwona kwenye maonyesho ya mbwa dume mmoja wa jamii ya mbwa wa kuchunga kondoo, akamnunua palepale na kumpa jina la Horand von Grafrath. Jina hilo ndilo la kwanza kwenye daftari la Jamani Shepadi. Kwa hiyo babu wa mbwa unayeuziwa kwa bei ya ng'ombe alitoka kwenye ukoo wa mbwa wa wachungaji, wale waliochaguliwa kwa kazi na kwa akili. Shida ilikuja baadaye. Uzao wake ulipandishwa ndugu kwa ndugu ili sura isipotee, na pamoja na sura vikabaki na vilema. Jamani Shepadi wengi huumwa nyonga wakiwa bado vijana, wakaanza kuburuta miguu ya nyuma. Ukiwa umeamua kweli kumchukua wa cheti, basi omba picha za eksirei za nyonga za baba na mama. Cheti cha ukoo kinataja mababu, hakitaji nyonga.

Na yule mwenye pua bapa, buldogi, mwache huko kwenye baridi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Aliyeumbwa pua ikaingia usoni hahemi sawasawa, nawe unataka kumweka Dar es Salaam mwezi wa Februari! Ni ukatili, hata kama unampenda.

Chotara naye usimchukue kwa macho yaliyofumbwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuwaongoza vipofu, alimpandisha Labrador na poodle. Watu waliokuwa wakisubiri mbwa kwa hamu hawakumtaka mtoto yeyote wa kuchanganya. Conron akabuni jina, Labradoodle, na mbwa walewale wakaanza kugombaniwa. Miaka mingi baadaye alisema hadharani kwamba alijutia wimbi alilolianzisha. Damu ikichanganywa kilema hupungua mara nyingi, lakini ikiwa baba ana nyonga mbovu na mama ana nyonga mbovu, chotara atazipata wapi nzima?

Amebaki koko, mbwa wetu, tuliyemzoea hadi tukamfanya tusi. Katika kaskazini mwa Kongo kuna mbwa mdogo wa kuwinda, mkia umejisokota, asiyebweka. Kwa Kilingala aliitwa mbwa wa basenji, yaani wa washenzi, neno letu lilelile. Waingereza wakamchukua, na mwaka 1937 akaonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, London. Leo Basenji ana daftari lake, na watu wanapanga foleni ya kumnunua. Ni yuleyule ambaye kijijini alikuwa anafukuzwa jikoni kwa mwiko.

Aliye kwangu sasa ni koko jike, rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Alikuja mwenyewe akajilaza chini ya mwembe, na siku ya tatu mke wangu akamwekea ugali wa dona na dagaa. Mgeni akigusa komeo, yeye husimama kabla sijasikia kitu. Kwa hiyo neno langu ni hili: kwa nyumba ya kawaida, mchukue koko au chotara ambaye mama yake umemwona kwa macho yako, ametulia na anakubali kushikwa. Wa cheti waachie wenye kazi maalumu ya kumpa na fedha ya daktari. Na kama unapakana na jirani Mwislamu, jenga uzio kwanza. Kwake mate ya mbwa ni najisi, na si haki umlazimishe kuosha upya palipoguswa kila anapopita kwenda msikitini.

Yeyote utakayemchagua, akitimiza miezi mitatu mfunge kamba umpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa, kisha fuata tarehe za kurudia atakazokuandikia daktari. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza tiba hakuna. Na wewe au mtoto wako akiumwa na mbwa, awe wa cheti au wa jalalani, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo.