Namna ya Kuiongezea Besi Spika ya Pili Bila Kuichoma Amplifaya ya Kanisa

Hatua ya kwanza ni kuiacha sabufa ya sebuleni pale ilipo.

Inatamanisha, najua. Kwaya ya vijana Lemara imeongezeka, turubai limefungwa nje kwa waliokosa viti, na ile kombo ya besi, amplifaya na spika yake ndani ya boksi moja, haisikiki tena ukivuka benchi la tano. Mtu anakumbuka kwamba ana spika nyumbani, na Jumamosi jioni inafika kwa bodaboda. Lakini spika ya sabufa imetengenezwa kwa taarifa ya habari na muziki wa kiasi. Uzi mnene wa gitaa la besi, ile E, hutikisika mara 41 kwa sekunde, na karatasi ya spika inasukumwa mbele na nyuma kwa nguvu mno. Kabla ya sadaka ya pili utasikia inakwaruza, na baba mwenye nyumba atakuwa amekosa sabufa.

Sasa igeuze kombo uitazame mgongoni. Wapigaji wengi wa besi wanaijua kombo yao kwa mbele tu, kwenye vitufe, na habari yote iko nyuma. Tafuta tundu lililoandikwa “EXT SPEAKER”. Kama halipo, kazi imeishia hapo, na usimruhusu fundi yeyote atoboe boksi ili alitengeneze. Kombo nyingi ndogo za mazoezi hazina tundu hilo kwa sababu amplifaya zake hazikupangiwa mzigo wa pili. Na “LINE OUT” si tundu la spika, wala “HEADPHONES”. Nalisema hili bila aibu kwa sababu watu huchomeka humo kila siku, kisha wanailaumu spika.

Kama tundu lipo, karibu yake kuna namba ya omu. Hiyo ndiyo namba inayotawala jambo zima, kuliko ukubwa wa boksi na kuliko wati zilizobandikwa kwa rangi ya dhahabu. Omu ni kipimo cha ukaidi wa spika dhidi ya umeme. Ukiunga spika ya pili sambamba na ya kwanza, ukaidi hupungua, kama kanisa lililofunguliwa mlango wa pili baada ya ibada: watu wanatoka kwa wingi zaidi. Spika ya omu 8 ikiungwa na nyingine ya omu 8, amplifaya inaona omu 4. Ya 8 na ya 4 zikiungwa, inaona omu 2.7 hivi. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni omu 4 ikipewa 2.7 itatoa umeme kupita uwezo wake. Itachemka, kisha itajizima ikiwa ina kinga, au itaungua ikiwa haina. Na kama spika ya ndani peke yake tayari ni omu 4 na mwisho wa amplifaya ni huo huo 4, hakuna nafasi ya mgeni.

Usiamini lebo ya spika. Maboksi mengi yanayozunguka mjini yamechongwa na mafundi wetu wenyewe, kwa ustadi kabisa, lakini spika iliyomo inaweza kuwa imeshabadilishwa koili na namba ya mgongoni imebaki ya zamani. Chukua multimita, ondoa spika kwenye amplifaya, gusisha ncha mbili kwenye vituo vyake. Spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma kama 3 na kitu. Ikisoma sifuri, au isiposoma chochote, irudishe ilikotoka.

Kwenye waya ndipo kamati hubana fedha. Waya wa gitaa na waya wa spika unaweza kuwa na plagi zinazofanana kabisa, ila ndani wa gitaa una uzi mmoja mwembamba uliozungushiwa wavu. Ukiupitishia umeme wa spika utapata joto na kula nguvu njiani. Nenda duka la vifaa vya umeme, nunua waya wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, mfupi kadiri inavyowezekana. Zima amplifaya kabla ya kuunga. Kama ni ya taa za vali, usiiwashe kamwe bila spika. Transfoma yake itakufa.

Ukiwasha na besi ikawa nyembamba kuliko mwanzo, waya zimepishana: karatasi moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti nene zinauana hewani. Zima, badilisha nyekundu na nyeusi upande mmoja, washa tena.

Boksi jipya likae kando ya kombo, sakafuni, si mwisho wa kanisa. Kwa mita 20 sauti huchelewa karibu sehemu 6 za mia za sekunde, na hiyo inatosha kuwafanya akina mama wa nyuma wapige makofi nyuma ya ngoma.

Wala usitarajie muujiza. Fender Rumble 500 hutoa wati 350 ikiwa peke yake, na 500 ikiongezewa boksi la omu 8. Tofauti hiyo ya wati sikio huitambua kwa shida. Faida kubwa inatoka kwenye karatasi zilizoongezeka kusukuma hewa. Kwa watu wa chini ya turubai, mimi ningepeleka waya kutoka tundu la DI la kombo, lile la kupeleka sauti moja kwa moja, hadi mikisa, besi itoke kwenye spika kubwa pamoja na waimbaji, na kombo ibaki kumsaidia mpigaji ajisikie.

Wazee wa kanisa, mkiidhinisha fedha ya spika, idhinisheni siku hiyo hiyo fedha ya waya na ya multimita. Msiwaachie vijana waazime Jumamosi usiku.