Siki ya Kupigiwa Saluti

Bia ikichacha kwingine, mwenye baa huomba radhi na kuibadilisha. Ikichacha Roeselare, magharibi mwa Flandria nchini Ubelgiji, humiminwa kwenye glasi ya mguu na watu wakanyamaza kwa heshima.

Kiwanda cha bia cha Rodenbach, kilichoanza mjini humo 1821, kina karibu mapipa 300 ya mwaloni, makubwa hata fundi huingia ndani kuyakwangua. Humo bia hulazwa miaka miwili, bakteria na hamira za mwituni zikijilia sukari iliyosalia. Bia yao iitwayo Grand Cru ni theluthi mbili bia kongwe, theluthi moja changa. Kazi ya subira kwelikweli, hilo siwanyimi.

Shida ni mwonjaji. Anaizungusha glasi, anazamisha pua mpaka unamhofia, kisha anatangaza: cheri, ngozi, siki iliyokomaa, blanketi la farasi. Blanketi la farasi, jamani, na anasifu! Jicho moja limefumba lenyewe, mashavu yameingia ndani, naye anasema bia ni “changamfu”. Bia nyingine chachu, Duchesse de Bourgogne, nayo imebandikwa picha ya Mary wa Burgundy, aliyefariki 1482 baada ya kuanguka na farasi. Labda blanketi lilisahaulika pipani.

Mpishi wa Flandria hana makuu hayo. Bia chachu ya kahawia anaimwaga kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe na vitunguu, anatupia kipande cha mkate kilichopakwa haradali, anafunika.